Njia ya Naivasha: Kushuka ndiyo ngoma

Jumapili ikifika, jamii nyingi za Nairobi hufunga safari ya Naivasha. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi, watu huenda na kurudi kabla ya watoto kulala. Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 ilipiga kambi huko huko, na vijana wengi wakarudi mjini na hamu ya magari ya spoti, yale mafupi ya viti viwili. Lakini barabara hii, msomaji, haijali gari lina mlio gani. Inachouliza ni jambo moja tu: je, dereva anajua gia?

Tuchukue mfano wa Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1989, yenye injini ya lita 1.6 na gia tano. Ikienda kilomita 100 kwa saa katika gia ya tano, injini huzunguka kama mara 3,200 kwa dakika. Katika gia ya nne hukaribia 4,000. Mgeni wa magari haya hudhani injini inateswa. La hasha! Gia zake zimepangwa karibu karibu, na nguvu zake zote hupatikana kwenye mizunguko 6,500. Inayoteswa ni injini inayolazimishwa gia ya tano kwa mwendo wa kilomita 50, ikitetemeka kwa mizunguko 1,600, eti kwa sababu mwenyewe anaokoa mafuta.

Ukifika Rironi, njia hugawanyika. Ya juu hupitia Kinale. Ya chini huteremka ukingoni mwa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Hii ya chini ilichongwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka wa 1942 lingalipo kando ya barabara, chini ya mteremko. Simama kidogo penye wauzaji wa ngozi za kondoo, uwaonyeshe watoto bonde na mlima Longonot. Kisha uingize gia ya chini kabla hujaanza kushuka, si ukiwa katikati.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Anayeshuka hapa akiwa amekanyaga breki mfululizo huzipasha moto, na breki zikishika moto sana hulegea. Mbele yako kuna lori, nyuma yako kuna trela, na kando ni korongo. Katika gia ya tatu, kwa kilomita 60, injini ya gari letu huzunguka kama mara 3,200 na kulizuia gari yenyewe. Breki hubaki baridi, zikingojea kona na dharura. Kwenye kona kali, gia ya pili kwa kilomita 40 hufanya kazi iyo hiyo.

Kuna madereva wanaotoa gia kabisa na kuliacha gari lijiteremkie, wakiamini wanaokoa petroli. Wanajidanganya. Injini ya kisasa, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, hukata petroli kabisa. Ukitoa gia, injini hulazimika kunywa mafuta ili isizimike. Basi mtu huyo anapoteza petroli, na papo hapo anaikabidhi familia yake yote kwa breki peke yake.

Toka Mai Mahiu kuelekea Naivasha, nchi hutulia. Hapa ndipo gia ya tano ina haki yake. Kwa kilomita 90, injini hunguruma kwa upole kwenye mizunguko 2,900, mazungumzo yanasikika, na petroli inakwenda mbali.

Wakati wa kurudi, tupitie njia ya juu. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali huko Kinale unapita mita 2,500. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na taboo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Gari lile lile lililokuwa na nguvu 115 kule Mombasa hubaki na kama 85 tu. Ndiyo maana gia ya tano iliyofaa bondeni hushindwa mlimani. Usingoje gari likorome. Rudi ya nne mapema, hata ya tatu, uiache injini izunguke.

Kadhalika unapotaka kulipita lori. Chagua gia ukiwa ungali nyuma yake, na uhakikishe njia ni nyeupe. Anayeanza kutafuta gia akiwa tayari upande wa pili wa barabara anatafuta pia wakati, na wakati huo hanao. Kama huoni mbele, kaa nyuma yake. Naivasha haihami.

Soko Mjinga viazi na kabichi vinakungoja kando ya njia. Nunua, upumzishe miguu, kisha ukumbuke kwamba kutoka huko hadi Limuru ni mteremko tena.