Tungemlaani Ciro

Mwaka 1960 Luchino Visconti alitoa filamu ya Rocco na ndugu zake. Mjane Rosaria anatoka Lucania, kusini mwa Italia, na watoto wake wanne wa kiume, wanamfuata kifungua mimba, Vincenzo, jijini Milan.

Mtu wa Wundanyi au Mgange, kwetu kwenye milima ya Taita nchini Kenya, hahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Juu mlimani mashamba yaligawanywa na kugawanywa hadi yakawa viraka. Chini palikuwa na makonge ya walowezi, na kuanzia 1948 mbuga ya Tsavo ikameza nyika. Riziki ikabaki kwenye reli. Tukateremka Voi, kisha Mombasa. Kaka aliyetangulia alipanga chumba kimoja Changamwe, wadogo tukamfuata mmoja mmoja, tukalala sakafuni, naye akatulipia karo bila kunung'unika.

Kwa hiyo kizazi changu kilimpenda Rocco, mmoja wa wana hao wanne. Anapigana ndondi asizozipenda ili alipe madeni ya Simone, nduguye aliyepotoka. Simone anamnajisi Nadia, mpenziwe wa zamani ambaye sasa ni mpenzi wa Rocco, mbele ya macho ya Rocco, na bado Rocco anamsihi msichana amrudie. Simone anapomuua Nadia, Rocco anataka kumficha. Anayetoka kwenda kumshtaki ni ndugu yao Ciro, fundi wa kiwanda cha magari cha Alfa Romeo.

Sisi tungemlaani Ciro. Nasema hivyo kwa kuwa akina Simone tulikuwa nao. Akinywa pesa za karo, tunachanga. Akimharibia binti wa watu maisha, wazee wanaketi, mbuzi wanatolewa, binti anaambiwa anyamaze, na sisi tunarudi kazini tukijiona watu wa ukoo kwelikweli. (Akina mama ndio waliotuhimiza zaidi, Rosaria angeelewana nao vizuri.) Ule ukarimu wetu ulikuwa na mlipaji mwingine, na hakuwahi kuitwa kikaoni.

Nawasikia wazee wenzangu hapa Voi wakilalamika kwamba vijana hawana utu: wanatuma pesa kwa simu, na kwa masharti. Mimi nayapenda hayo masharti. Majuzi mjukuu wangu alikataa kuchangia dhamana ya binamu yake aliyempiga mkewe. Alisema pesa zake zitamlipia mke matibabu, basi. Alisemwa vibaya sana pale kikaoni. Nikainuka, nikasema nami nachangia matibabu.