Barua kutoka Boston: Kura ya mwenye hisa na kura ya mdhamini



Boston na miji inayoizunguka imejaa nyumba za mbao za ghorofa tatu, zilizojengwa zamani kwa ajili ya familia za wafanyakazi, kila familia na ghorofa yake. Siku hizi nyingi zimeuzwa ghorofa moja moja, hivyo paa, ngazi, msingi na bomba la maji taka vimekuwa mali ya watu watatu ambao hawakuchaguana. Sheria ya jimbo la Massachusetts, Sura ya 183A ya mwaka 1963, inataka wamiliki wawe na chombo cha kusimamia mali hiyo ya pamoja, na desturi ya huku ni kuunda udhamini. Wadhamini ndio wanaolipa bima, kumwita fundi wa paa, kukusanya michango na kutunza akiba. Katika nyumba ndogo namna hii, naamini kila ghorofa inapaswa kuwa na mdhamini wake, na kila mdhamini kura moja, hata kama hisa hazilingani.

Hisa za kila mwenye ghorofa hupangwa kwa thamani ya sehemu yake siku hati ya jengo inaposajiliwa, na haziwezi kubadilishwa bila ridhaa ya wale wanaoguswa. Tuseme mmoja ana asilimia 52, wa pili 26, wa tatu 22. Linapokuja suala la kuliboresha jengo, sheria inawalinda wadogo: wakikubali wenye asilimia 50 lakini wasifike 75, gharama ni ya waliokubali peke yao. Mwenye 52 akimpata mwenye 22, jumla ni 74, na wa tatu halazimiki kuchangia hata senti. Lakini kinga hiyo ni ya maboresho tu. Matengenezo ya kawaida, bima, akiba na kiwango cha mchango viko mikononi mwa wadhamini, na hapo ndipo maisha ya nyumba yalipo. Hati ya udhamini ikisema wadhamini wachaguliwe kwa wingi wa hisa, mwenye 52 atajichagua yeye, mkewe na rafiki yake, maana sheria haimlazimishi mdhamini kuwa mwenye nyumba. Wengine wawili watabaki kupokea ankara.

Wapo wanaouliza: anayelipa zaidi, kwa nini asiamue zaidi? Anayo haki hiyo, na anaitumia katika mkutano wa wamiliki, ambako kura huhesabiwa kwa hisa. Udhamini ni jambo jingine. Mdhamini ameshika mali ya wenzake na anawajibika kwao wote, pamoja na yule mwenye hisa ndogo kuliko wote. Wajibu huo haupimwi kwa asilimia. Wengine wanahofia wadhamini kukwama. Watatu hawafungani sare wote wakipiga kura. Hatari ipo kweli kwenye nyumba za wamiliki wawili, na dawa yake ni kuandika mapema katika hati kwamba mgogoro utapelekwa kwa msuluhishi. Na mwenye ghorofa anayeishi mbali? Amteue mtu anayemwamini. Kiti kikibaki wazi, hasara ni ya wote: siku mmoja anapotaka kuuza, mnunuzi huhitaji cheti kinachothibitisha kwamba hakuna mchango ambao muuzaji anadaiwa, na wa kukisaini ni wadhamini.

Nayaandika haya kwa sababu nyumbani nako watu wananunua sehemu za maghorofa. Tanzania ina sheria yake ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, na Kenya ilitunga mpya mwaka 2020. Wanunuzi wengi huuliza bei, maji, lifti na maegesho. Ndugu yangu, kabla hujatia saini, omba pia kanuni za umoja wa wamiliki, usome nani anachagua viongozi na kura zinahesabiwaje. Ukikuta mtu mmoja anaweza kuwachagua wote, dai kifungu hicho kirekebishwe kabla hujatoa fedha.