Gogo la Komando

Watu wenye nguvu Ilagala walikuwapo tangu zamani. Mwambao huu wa Ziwa Tanganyika umeishi kwa mabega tangu enzi za misafara, wapagazi walipotoka Ujiji kwenda pwani na pembe za ndovu, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Sisi tulikuta mawese. Debe la lita 20 lina uzito wa kilo 18; mpakiaji alibeba mawili, akapita juu ya ubao mwembamba hadi mtumbwini, na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama. Akivua shati, ni kwa sababu ya joto.

Kilichotugeuza ni video. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mfanyabiashara mmoja alileta televisheni, deki na kijenereta kwa boti kutoka Kigoma. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Vituo vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo tulimwona Arnold Schwarzenegger kabla hatujamwona waziri wetu yeyote akihutubia.

Filamu ilikuwa Commando, ya mwaka 1985. Mwanzoni tu Arnold anatokea na gogo begani, na kamera inamkagua msuli mmoja mmoja. Ukumbini (naita ukumbi, lilikuwa banda la matete) fundi mitumbwi mmoja alipaza sauti: “Mti gani huo? Mninga wa unene ule habebi mtu mmoja!” Akazomewa. Vijana hawakuwa wakitazama gogo.

Haukupita muda, vyuma vikaanza. Makopo ya rangi yalijazwa saruji, bomba likachomekwa, yakaachwa yakauke. Pande mbili hazikulingana hata siku moja, na nashuku ndiyo maana wengi wa rika letu bega moja limepanda. Mwenye bahati alipata gia za lori lililokufa. Tulisikia kwamba Rocky, yule bondia wa filamu, hunywa mayai mabichi, basi tukawa maadui wa kuku wa mama zetu. Ukiniuliza leo, kilichotujenga ni migebuka na dagaa, ambavyo havikuwa na sifa yoyote kwa kuwa vilikuwapo kila siku.

Tulifanyia mazoezi karibu na kivuko, pale mto Malagarasi unapoelekea ziwani. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kuvuka alitutazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu, unakinyanyua, kisha unakirudisha palepale. Nani anakulipa?”

“Shikamoo mzee. Hii ni kwa ajili ya mwili.”

“Marahaba. Na huo mwili unaupeleka wapi?”

Tulicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Jibu nililipata nikiwa mtu mzima. Mchana kutwa mabega yetu yalikuwa ya tajiri mwenye mawese. Alihesabu madebe, akatulipa kwa debe. Jioni, penye vyuma, hakuna aliyehesabu ila sisi wenyewe. Mwili ule ule uliochoka kwa kazi ya mtu ulipata saa moja ya kuwa wetu, na tuliupeleka dansini umevaa fulana ya kubana. Nilikuja kusoma kwamba Arnold naye ni mtoto wa kijijini, Thal huko Austria, aliyetwaa taji la Mr. Olympia mara saba, sita mfululizo kuanzia 1970 na la mwisho 1980. Rambo, shujaa mwingine wa filamu, hakubahatika hivyo: kwetu jina lake liliishia kwenye mifuko ya plastiki, hadi serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Oktoba 1996 vita vilipofika Uvira, ng’ambo ya ziwa, ziwa lilijaa boti za wakimbizi. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliokuwa wamebeba vyuma kwao kwa kufuata utaratibu. Walitukuta na mikono minene juu ya miguu ya korongo. Wakatufundisha kuchuchumaa na uzito mabegani, kutoa pumzi wakati wa kusukuma, na kupumzika, jambo ambalo lilitushinda kuliko yote.

Mmoja wetu, aliyejiita Komando, alihamia Kigoma mjini akapata kazi ya kulinda mlango wa disko. Hakubeba chochote. Alilipwa kwa kusimama. Mzee wa kivukoni alipoelezwa, aliuliza ni shilingi ngapi kwa usiku, na kama mjukuu wake, ambaye alikuwa mrefu tu, angeweza kuchukuliwa.