"Sarafina!" Jukwaani: Nyimbo za Soweto kwa Masikio Yako Mwenyewe

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wengi walioufahamu mchezo wa "Sarafina!" kwa njia ya filamu ya mwaka 1992, watoto wakiimba pamoja nayo sebuleni ingawa hawajui neno moja la Kizulu. Filamu hiyo ni nzuri. Lakini "Sarafina!" ulizaliwa jukwaani, na ni jukwaani unakotoa nguvu zake zote.

Mchezo huo ni kazi ya Mbongeni Ngema, na sehemu ya muziki wake ilitungwa na mpiga tarumbeta mashuhuri Hugh Masekela, ambaye wakati huo aliishi uhamishoni. Ulionyeshwa kwanza Juni 1987 katika ukumbi wa Market mjini Johannesburg, kisha ukavuka bahari hadi New York, ambako ulichezwa mara 597 katika Broadway. Ukumbi huo wa Market nao una historia yake. Zamani lilikuwa soko la matunda, likageuzwa kuwa nyumba ya michezo mwezi Juni 1976, siku chache baada ya damu kumwagika Soweto. Humo weusi na weupe waliketi pamoja wakati sheria za makaburu zikiwataka watengane.

Hadithi yenyewe ni ya wanafunzi wa shule ya Morris Isaacson, Soweto. Ni watoto wa kawaida: wanataniana, wanamwogopa mwalimu, wanapendana. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, wakapokewa kwa risasi. Mchezo unaonyesha jinsi shule inavyoishi katika kivuli cha siku ile.

Mimi na rafiki zangu watatu tulipokwenda Johannesburg kuutazama, tulianza kwa kuzuru Orlando West, kwenye makumbusho ya Hector Pieterson, mtoto aliyeuawa siku hiyo. Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Aliyesimama pale mchana hawezi kuyachukulia mabuti ya askari jukwaani kuwa ni mchezo tu.

Jioni ngoma zilipolia, tuliona tofauti iliyopo kati ya filamu na jukwaa. Vishindo vya miguu ya vijana vilipanda kutoka mbaoni hadi vitini mwetu. Jasho lao lilionekana. Watazamaji hawakusubiri kualikwa, bali waliitikia kila kiitikio, akina mama wakipiga vigelegele.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Wanafunzi wanafanya tamasha lao la shule, na Sarafina anavaa kama Nelson Mandela na kuhutubia taifa kana kwamba amefunguliwa. Mchezo ulipoanza kuonyeshwa, Mandela alikuwa na karibu miaka 25 gerezani, na hotuba ile ilikuwa ndoto. Alitoka Februari 1990, na mwaka 1994 akawa Rais. Mtazamaji wa leo anayajua hayo, lakini binti aliye mbele yake hayajui, anatumaini tu. Ukumbi mzima ulinyamaza.

Mwenzetu mmoja amekulia Morogoro. Tulipotoka alituambia kwamba majina aliyoyasoma utotoni katika makaburi ya Mazimbu yalikuwa majina ya watu wa rika lile. Ni kweli, kwani vijana wengi waliokimbia baada ya 1976 walipokewa Tanzania, na hapo Mazimbu chama cha ANC kikawajengea shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Basi, ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kuuona mchezo huu jukwaani, usiende peke yako. Chukua rafiki, chukua na watoto. Na kama safari ya Johannesburg ni ndefu mno kwa mfuko wako, Mazimbu si mbali na mji wa Morogoro. Wapeleke watoto wakasome majina yale, kisha muimbe nyimbo zile mkirudi nyumbani. Hapo wataelewa wanachokiimba.