Kalamu na Kufuli: Safari ya Mwanahabari Glyn Moody

Wahenga waliacha methali mbili ambazo, zikitazamwa kwa makini, zinavutana. Ya kwanza ni "Kizuri kula na nduguyo". Ya pili ni "Mchumia juani hulia kivulini". Moja yaamuru ugawaji. Nyingine yamhakikishia mtenda kazi ujira wa jasho lake. Mvutano uo huo ndio kiini cha mjadala wa hakimiliki katika enzi ya tarakilishi, na yupo mwanahabari mmoja wa Uingereza ambaye ameuandama mjadala huo kwa miaka mingi bila kuchoka. Jina lake ni Glyn Moody.

Moody, ambaye makao yake ni jijini London, alianza kuandika kuhusu intaneti mwaka 1994, wakati ambapo watu wengi, hata katika mataifa yaliyoendelea, walikuwa hawajaitumia. Mnamo Agosti 1997, jarida la Wired la Marekani lilichapisha makala yake marefu kuhusu Linux, mfumo wa kuendeshea tarakilishi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Wakati huo kampuni ya Microsoft ilikuwa imelitawala soko la tarakilishi za mezani. Kumwambia msomaji kwamba vijana waliotawanyika duniani, wengi wao wakifanya kazi bila mshahara, walikuwa wakiunda mfumo wa kushindana na kampuni hiyo kulionekana kama kusimulia hekaya. Moody aliona habari pale ambapo wengine waliona mchezo wa wanafunzi.

Ili kuuelewa uzito wa habari hiyo, ni sharti msomaji aelewe jinsi programu inavyozaliwa. Programu huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi za zama hizo ziliuza programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, nao msimbo ukafichwa, mithili ya mpishi auzaye pilau lakini asiyetaka mtu ajue viungo alivyotia. Richard Stallman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya MIT, aliukataa utaratibu huo. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL. Leseni hiyo humruhusu kila mtu kuusoma msimbo, kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza, kwa sharti kwamba akiisambaza programu aliyoibadilisha naye atoe ruhusa hizo hizo kwa wengine. Torvalds aliichukua leseni hiyo kwa ajili ya Linux mwaka 1992.

Hapa pana kitendawili ambacho mwanafunzi wa fasihi hana budi kukistaajabia. Leseni ya GPL haiipingi sheria ya hakimiliki, inaitegemea. Mwenye mali anautumia ufunguo wake kuhakikisha kwamba mlango hautafungwa tena na yeyote. Lau sheria ya hakimiliki isingekuwapo, leseni hiyo nayo isingekuwa na nguvu.

Mwaka 2001 Moody alichapisha kitabu kiitwacho Rebel Code, kinachosimulia historia ya harakati hizo. Ubora wa kazi yake ni kwamba hakuandika kuhusu mashine pekee. Aliwatafuta walioandika programu zenyewe, akawauliza walikuwa nani, walitaka nini, na kwa nini mtu atoe bure kazi iliyomkesha usiku. Kwa maneno mengine, aliwatazama kama wahusika wenye dhamira na migogoro. Historia nayo imemwonyesha kwamba hakukosea katika kuwatambua. Tangu Novemba 2017, tarakilishi zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na kasi kubwa zaidi duniani zinaendeshwa na Linux, na kiini cha mfumo huo ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na zile zinazouzwa katika vibanda vya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Baada ya hapo, Moody angeweza kutosheka na sifa hizo. Badala yake aliufuata uzi mpaka ulikompeleka. Kitabu chake cha mwaka 2004, Digital Code of Life, kilihusu jenomu, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika seli. Huko nako alilikuta swali lile lile. Mwaka 1996 wanasayansi waliokutana Bermuda walikubaliana kwamba matokeo ya usomaji wa jenomu ya binadamu yawekwe hadharani mapema, ikiwezekana katika muda wa saa 24. Kampuni ya Celera, chini ya Craig Venter, ilishindana nao ikitarajia kupata faida kutokana na maarifa hayo. Je, maandishi yaliyomo katika mwili wa kila mtu yaweza kuwa na mwenyewe?

Kutoka hapo hatua ya kuelekea hakimiliki yenyewe ilikuwa fupi. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1710 ilikipa kitabu kipya ulinzi wa miaka 14, na mwandishi akiwa hai bado, miaka 14 mingine. Leo hii, katika Umoja wa Ulaya, ulinzi hudumu katika maisha ya mwandishi na miaka 70 baada ya kifo chake. Marekani nayo iliufikia muda huo kwa sheria ya mwaka 1998. Moody alizifuatilia hatua za kuikaza sheria kwa makala mengi. Tarehe 4 Julai 2012 Bunge la Ulaya liliukataa mkataba wa ACTA kwa kura 478 dhidi ya 39. Lakini tarehe 26 Machi 2019 bunge hilo hilo liliipitisha sheria mpya ya hakimiliki kwa kura 348 dhidi ya 274, ijapokuwa yeye na wengine wengi walikuwa wameipinga. Mwaka 2022 alitoa kitabu kiitwacho Walled Culture, akidai kwamba kuta zinazojengwa kwa jina la msanii huwanufaisha zaidi wenye kampuni kubwa, huku msanii mwenyewe akibaki maskini. Nakala ya kidijitali ya kitabu hicho inapatikana bila malipo. Hivyo alitenda alilolihubiri.

Hata hivyo, haifai kumsoma Moody kwa kuitikia kila neno. Kwanza, katika kazi yake mpaka kati ya mwanahabari na mtetezi umefifia, na msomaji makini anapaswa kulikumbuka hilo anapopima hoja zake. Pili, mwandishi wa riwaya ya Kiswahili anayekiona kitabu chake kikirudufiwa kizima kizima na kuuzwa mitaani hana kampuni kubwa nyuma yake. Kwake, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, inayoilinda kazi ya fasihi hadi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi, ni ngao mojawapo kati ya chache alizo nazo. Kumwambia avunje ukuta ilhali hana hata paa ni kumdhihaki.

Lakini jibu analolipendekeza Moody si geni kwa Waswahili. Anapendekeza kwamba wapenzi wa kweli wa msanii wamsaidie moja kwa moja ili aendelee kutunga, badala ya kungoja mrabaha unaopunguzwa njiani. Yeyote aliyewahi kuhudhuria taarabu anaijua desturi hii: wimbo ukimgusa msikilizaji, yeye huinuka na kumtuza mwimbaji papo hapo. Mcheza kwao hutunzwa. Aidha, historia ya ushairi wa Kiswahili inashuhudia faida ya kunakili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yaliishi vinywani mwa watu, yakakusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua na kasisi W. E. Taylor, na hatimaye yakachapishwa kama diwani mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Laiti kila kinywa kingehitaji kibali, pengine Muyaka asingesomwa leo.

Ushahidi wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maelekezo ya Kiswahili. Wanaisimu na mafundi wa mradi huo hawakuhitaji kupiga magoti mbele ya kampuni yoyote kuomba idhini ya kutafsiri. Leseni ilikwisha kuwapa. Kwa lugha ambayo soko huiona haina faida ya kutosha, uhuru huo si anasa. Ndio tofauti kati ya kuwamo na kuachwa nje.

Mtafiti wa Kiswahili, basi, ana maamuzi ya kufanya kila anapomaliza kamusi, tasnifu au mkusanyiko wa istilahi. Je, kazi hiyo ataifungia kabatini, ataiuza, au ataitoa kwa leseni inayomtambua kama mtunzi na bado kuwaruhusu wengine kuiendeleza? Safari ya Moody haimpi jibu moja kwa kila kazi. Riwaya ya mtu anayeishi kwa kalamu si sawa na orodha ya istilahi iliyogharamiwa na umma. Ila inamfunza kwamba kufuli ni uamuzi wa binadamu, na kila anayelifunga anapaswa kueleza analifunga kwa ajili ya nani.