Sakafu za Epoksi: Vipimo vya Uingereza na Joto la Dar es Salaam

Epoksi ni mpako wa sehemu mbili, rezini na kigumuishi, ambazo zikichanganywa kwa uwiano uliowekwa na mtengenezaji huungana kikemia na kugeuka tabaka gumu lisilopitisha mafuta wala maji. Katika maghala, gereji na viwanda vya chakula vya Uingereza mpako huu ni wa kawaida, na wateja wa Dar es Salaam nao huutaka kwa karakana na maduka yao. Lakini mafundi wengi wanaokabidhiwa kazi hiyo wamefunzwa kwa niru, yaani umaliziaji wa saruji unaosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka sakafu iteleze, na mazoea ya niru yakihamishiwa kwenye epoksi bila kufikiriwa upya huiharibu kazi.

Sababu ni kwamba vitu hivi viwili vina tabia zinazopingana. Saruji hukomaa kwa maji, ndiyo maana fundi mzuri huimwagilia sakafu kwa siku kadhaa. Epoksi huyakataa maji, kwa kuwa unyevu unaopanda kutoka ndani ya zege hunaswa chini ya mpako, ukausukuma juu na kufanya malengelenge ambayo hatimaye hubanduka. Vilevile ule ulaini unaomletea fundi wa niru sifa hutokana na ngozi nyembamba ya saruji inayoziba vinyweleo vya zege, na mpako uliolazwa juu yake hushika ngozi hiyo badala ya zege lenyewe, hivyo magari yakianza kupita vyote viwili hung'oka pamoja. Sakafu iliyosifiwa jana haina budi kusagwa kwa mashine yenye meno ya almasi, au kupigwa kwa punje za chuma, mpaka iparuze kiganja kama msasa.

Nchini Uingereza hali ya zege huamuliwa kwa vipimo. Haigrometa, chombo cha kupimia unyevu, hufungiwa juu ya sakafu mpaka hewa iliyomo ilingane na unyevu wa zege, na kikomo kinachotumika sana ni asilimia 75. Siku 28 ambazo mafundi huzitaja ni muda wa zege kufikia nguvu iliyokusudiwa, wala si muda wa kukauka, kwani kanuni ya kukadiria hutoa siku 1 kwa kila milimita katika milimita 50 za kwanza, na kasi hupungua kadiri unene unavyozidi. Mteja mwenye haraka huuziwa mpako wa kwanza wa aina maalumu unaozuia unyevu. Vumbi la kusaga nalo limewekewa mpaka wa kisheria, kwa sababu silika iliyomo huharibu mapafu: miligramu 0.1 za silika hiyo kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8, na kwa hiyo mashine ya kusaga hufungwa pamoja na ya kufyonza.

Hata hivyo kuyahamisha maelekezo ya Ulaya jinsi yalivyo hakutoshi, kwa kuwa muda wa matumizi unaoandikwa kwenye karatasi za bidhaa, yaani dakika ambazo mchanganyiko hubaki laini, mara nyingi hukadiriwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 muda huo hupungua kwa takriban nusu, na mchanganyiko ulioachwa ndani ya ndoo hujipasha moto wenyewe na kuganda upesi zaidi, hivyo fundi wa Dar es Salaam hana budi kuchanganya kidogo kidogo, kumimina sakafuni mara moja, na kutothubutu kuuzimua kama rangi ya mafuta au kubadili kiasi cha kigumuishi. Jambo jingine ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji: uso wa sakafu hutakiwa uwe na joto linalozidi kiwango hicho kwa nyuzi 3 au zaidi, sharti ambalo asubuhi ya pwani mara nyingi hulivunja. Tena sakafu inayopata joto husukuma hewa kutoka vinyweleoni na kutia mpako mapovu, kwa hiyo alasiri, zege linapoanza kupoa huku likiwa bado na joto, hufaa zaidi.

Mahali ambapo haigrometa haipatikani, kipande cha nailoni chenye upande wa sentimita 45 kinaweza kubandikwa sakafuni pande zote kwa saa 16 au zaidi; matone au weusi chini yake huonyesha kwamba unyevu upo, ingawa hauonyeshi kiasi chake, na ukavu wake si hakikisho.

Kikwazo kikubwa nyumbani kimo katika namna ya kukubaliana bei. Mteja huulizia bei ya mita moja ya mraba, na fundi anayeshindania kazi hupunguza kile kisichoonekana, yaani kusaga na kupima. Hati ya makadirio inayotenga gharama za ukaguzi, maandalizi na kipande cha majaribio, na kusema wazi kwamba bei ya mpako itathibitishwa baada ya vipimo, humlinda fundi aliye mgeni wa bidhaa na humpa mteja haki ya kuahirisha kazi kabla hajalipia kopo hata moja.