Kukaza kwa Kiasi Chake

Kitenzi kukaza kimepata heshima kubwa katika lugha yetu. Msafiri huambiwa akaze mwendo, mfiwa ajikaze, mwanafunzi akazane na masomo. Na katika semi hizo hatukumbuki hata moja inayomwonya mtu kwamba amekaza kupita kiasi. Sisi walimu wa lugha twaweza kukitumia kitenzi hicho mwaka mzima pasipo kuulizwa: akaze hadi wapi? Fundi wa magari hukutana na swali hilo kila siku, naye akilijibu vibaya, watu hufa.

Sisi tulilipata katika barabara iteremkayo kutoka Bugarama hadi Bujumbura. Waijuao hawahitaji maelezo: kona juu ya kona, bonde upande mmoja, na malori yapandayo kwa taabu. Tulikuwa walimu wanne katika Toyota Corolla ya mwenzetu, ambayo jana yake ilikuwa imebadilishwa matairi katika gereji moja ya mjini. Gurudumu la nyuma likaanza kugonga. Mwenye gari alisimama mara moja, Mungu ampe umri mrefu, kwani wengine tulikuwa tumezama katika mabishano juu ya ngeli. Bolti moja ilikuwa imekatika, na nati mbili zilizunguka kwa vidole.

Aliyetufumbulia jambo hilo ni fundi mmoja mzee wa Buyenzi, mtaa ambamo Kiswahili na gereji vimekaa pamoja tangu zamani. “Walimu wangu,” alisema, “gurudumu hili lilikazwa kwa mguu.” Yaani mtu alipanda juu ya spana. Tukapiga hesabu: mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 40 hutoa nguvu ya kuzungusha ya newton-mita 275 hivi, hali gari lile lahitaji 103 tu.

Yafaa ieleweke kwamba bolti iliyokazwa hurefuka kidogo mno, mfano wa springi, na kwa kutaka kurudi hulibana gurudumu kwenye habu. Mbano huo ndio ulishikao gurudumu lisicheze. Bolti ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena. Mbano hupungua, nati hulegea, na bolti huanza kupigwa huku na huku hata ikakatika. Hivyo kulegea kule kulizaliwa na kukaza.

Chombo cha kuzuia balaa hiyo mzee hukiita spana ya kipimo, nasi hatuoni sababu ya kutafuta jina jingine. Hupangwa kwenye tarakimu itakiwayo, na nguvu ikifika hulia: ta! Hapo mkono husimama. Kijana mwanagenzi wake aliipenda sauti hiyo, akaivuta mara tatu. Mzee akampokonya spana, kwani kila mvuto baada ya mlio waweza kuongeza nguvu isiyotakiwa.

Lakini spana peke yake haitoshi. Kwanza kutu na uchafu hung’olewa pale gurudumu linapokutana na habu. Nati huanzwa kwa vidole, kisha hukazwa kwa kukabiliana, hii na ile iliyo mkabala wake, wala si kwa kufuata duara. Gari hushushwa chini ndipo kipimo cha mwisho kichukuliwe. Wako wanaopaka mafuta kwenye nyuzi za bolti wakidhani ni hisani. La hasha! Takriban sehemu tisa katika kumi za nguvu ya mkono huliwa na msuguano. Msuguano ukipunguzwa kwa mafuta, tarakimu ile ile itaivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati hupimwa tena.

Mzee alibadilisha bolti zote za gurudumu lile. Mwenye gari alilalamikia gharama, akionyesha kwamba zilizosalia zilikuwa nzima kwa macho; mzee akakataa katakata. Mwezi uliofuata tulichanga fedha tukanunua spana ya kipimo, nayo sasa hulala kabatini kando ya kamusi. Huazimwa na kila mwalimu mwenye gari, kwa sharti moja: irudishwe ikiwa imelegezwa hadi tarakimu yake ya chini, ili springi iliyomo isichoke.